Joto la Mchana, Hesabu ya Maji

Kipimajoto cha zebaki ambacho wauguzi wetu walikitumia kwa miaka mingi kiliishia nyuzi 42. Hakikuhitaji kwenda mbele zaidi. Mtu ambaye joto la mwili wake limevuka hapo huanza kupotewa na fahamu, ini na figo zake huingia hatarini, na asipopoozwa haraka anaweza kufa siku hiyohiyo. Sasa mfikirie mnyama ambaye joto la mwili wake linapanda hadi nyuzi 45, linakaa huko kwa saa kadhaa, naye yu wima, anatazama huku na huko, na kesho yake anaendelea na malisho bila dalili ya ugonjwa. Mnyama huyo ni choroa, yule mwenye pembe ndefu zilizonyooka na mistari myeusi usoni, mkazi wa nyika kavu za Tsavo, Samburu na Mkomazi.

Habari za choroa huyu zilitoka Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Katika miaka ya 1960, mtafiti Mmarekani aitwaye C. Richard Taylor alifanya kazi huko katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki. Aliwaingiza choroa, pofu, swala na ng'ombe katika chumba ambacho hewa yake ilidhibitiwa: mchana nyuzi 40, usiku nyuzi 22. Akawapima joto, pumzi, jasho na maji waliyokunywa. Choroa walipopewa maji ya kutosha walitoka jasho na joto la miili yao halikupanda sana. Walipopunguziwa maji, jasho likakatika, na joto likaachwa lipande. Swala granti yeye alifika nyuzi 46.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Vitabu vya shule vimetuzoesha orodha: sikio la mnyama huyu linapooza, manyoya ya yule yanakinga, mafuta ya mwingine yanahifadhi. Orodha hizo si za uongo, ila zinaficha jambo kubwa. Wale choroa walikuwa na tezi zilezile za jasho katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni maji. Mnyama wa nchi kavu hajibu swali la joto peke yake; kila mchana anapiga hesabu ya maji, na maumbile yake mengi tunayoyastaajabia yanaeleweka vizuri zaidi ukiyasoma kwa hesabu hiyo.

Hewa ikiwa na joto kuliko mwili, njia ya kujipooza hubaki moja tu, nayo ni kuyageuza maji kuwa mvuke juu ya ngozi, mdomoni au puani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Ni dawa kali, lakini lita ile imekwenda na hairudi. Sisi binadamu ni wafujaji wakubwa wa maji. Mtu anayelima juani anaweza kutoka jasho la zaidi ya lita moja kwa saa, na anamudu kwa sababu ana mtungi chini ya mti au kisima kijijini. Choroa wa nyika hana mtungi. Anaweza kukaa muda mrefu bila kuona kidimbwi, kwa hiyo kila tone analolitoa ni lazima alipate tena katika jani.

Anachokifanya, basi, ni kulipokea joto na kuliweka. Akiwa na nyuzi 45 naye amesimama katika hewa ya nyuzi 40, joto haliingii tena mwilini kutoka hewani; linatoka, tena bure, bila tone la maji kupotea. Jua likizama na hewa ikipoa, mwili unaumwaga mzigo wote wa mchana angani na ardhini. Pumzi zake za usiku ni za polepole na za kina, hivyo hewa inayotoka mapafuni inatoka na mvuke mdogo. Na kuna jambo ambalo Taylor aliligundua kuhusu chakula ambalo kwangu mimi linapendeza kuliko yote. Katika nyika za Kenya kuna kichaka kiitwacho Disperma, ambacho majani yake mchana huwa makavu kiasi cha kuvunjikavunjika yakiguswa, maji yake yakiwa karibu asilimia 1. Usiku hewa inapopata unyevu, majani hayohayo yaliyokauka hufyonza maji kutoka hewani hadi kufikia karibu asilimia 40. Mchana kichaka hicho hakina faida kwa mwenye kiu. Mnyama anayekula usiku wa manane anakula na kunywa kwa pamoja.

Kabla ya choroa, ngamia ndiye aliyewafungua macho wataalamu. Knut Schmidt-Nielsen, mzaliwa wa Norwei aliyefanya kazi Marekani, alikwenda Béni Abbès katika jangwa la Algeria mwaka 1953 akakaa huko na familia yake ili awachunguze ngamia palepale wanapoishi. Aliona kwamba ngamia aliyenyimwa maji huamka na joto la nyuzi 34 na kufika jioni akiwa amevuka 40. Piga hesabu. Ngamia wa kilo 500 anayeruhusu tofauti ya nyuzi 6 anaweka mwilini karibu kilokalori 2,500 ambazo vinginevyo zingehitaji zaidi ya lita nne za jasho. Hizo ni lita nne kila siku, katika nchi ambayo kisima kinaweza kuwa mwendo wa siku kadhaa.

Schmidt-Nielsen alifanya jambo jingine ambalo mfugaji yeyote angelitilia shaka: alimnyoa ngamia. Mtu angedhani mnyama aliyevuliwa koti la manyoya angepata nafuu. Kumbe maji aliyoyapoteza yaliongezeka kwa karibu nusu. Manyoya mazito ya mgongoni hayamtii ngamia joto. Yanalizuia jua lisimfikie, huku jasho likikauka chini yake, karibu na ngozi, ambako lina faida. Nundu nayo haina maji hata kidogo, ingawa uvumi huo haufi. Ni mafuta yaliyokusanywa mahali pamoja. Yangetandazwa chini ya ngozi yote kama yalivyo kwa nyangumi au nguruwe, joto la ndani lingekosa njia ya kutokea. Warendille, Wagabra na Wasomali wameishi na mnyama huyu kwa karne nyingi, na sasa wafugaji wa Kisamburu waliozoea ng'ombe nao wamemgeukia. Serikali ya kaunti yao imekuwa ikiwagawia ngamia familia ambazo ukame umezimalizia mifugo.

Linabaki swali gumu: ubongo. Misuli inaweza kuvumilia nyuzi 45 kwa muda, lakini ubongo ni kiungo dhaifu mbele ya joto. Choroa anafanyaje?

Njia nzuri ya kulijibu ni kumtazama digidigi, paa mdogo wa vichakani mwenye uzito wa kilo tano hivi na pua ndefu inayochezacheza. Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha utafiti wake kuhusu maji na joto la digidigi mwaka 1973, na inafaa wanafunzi wetu wamfahamu, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba elimu ya wanyama wetu iliandikwa na wageni peke yao. Digidigi hana kimo cha kulimbikiza joto kwa saa nyingi. Mwili mdogo hupata moto upesi. Lakini ndani ya ile pua mna utando mpana wenye unyevu na damu tele. Joto likizidi, anahema haraka haraka mdomo ukiwa umefumbwa, hewa inapita juu ya utando, maji yanageuka mvuke, na damu ya puani inapoa. Damu hiyo inaporudi kuelekea moyoni hupitia chini ya ubongo. Hapo mshipa unaopeleka damu ya moto kichwani umegawanyika kuwa wavu wa vimishipa vyembamba sana, navyo vimezungukwa na ile damu baridi ya puani. Joto linahama kutoka damu inayopanda kwenda kwa damu inayoshuka, na ubongo unapokea damu yenye joto pungufu kuliko mwili wote. Wavu huu wanao pia choroa, swala, mbuzi, kondoo, ng'ombe, twiga na ngamia. Farasi na punda milia hawana.

Kwa miaka mingi maelezo yaliishia hapo: wavu uko kuulinda ubongo. Ni maelezo matamu, nayo yangali yanarudiwa katika filamu za wanyamapori. Lakini kundi la Duncan Mitchell na Andrea Fuller wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, na washirika wao wa nje, waliamua kuvitoa vipimo maabara. Waliwapandikiza wanyama vipimajoto vidogo vyenye kumbukumbu, wakawaachia huru. Walipowapima nyumbu weusi, mwaka 1994, walikuta jambo la kushangaza: mnyama alipofukuzwa na joto likapanda sana, yaani wakati ubongo ulipohitaji ulinzi kuliko wakati mwingine wowote, kule kupoozwa kwa ubongo kulizimika. Kulifanya kazi mnyama alipokuwa ametulia, tena katika joto la wastani.

Kwa nini basi? Kidhibiti cha jasho na kuhema kimo ndani ya ubongo wenyewe. Ukikipoza kidhibiti hicho, kinaamini kwamba mwili haujapata moto sana, kinapunguza jasho, na maji yanabaki mwilini. Wavu ule, kwa maelezo haya, ni chombo cha kubana maji kuliko kuwa ngao ya ubongo. Jaribio walilochapisha mwaka 2015 kwa kondoo walionyimwa maji lilionyesha kwamba mnyama anayetumia njia hii anaweza kuokoa zaidi ya lita 2 kwa siku. Kwa kondoo hiyo ni sehemu kubwa ya anachokunywa. Nakiri kwamba nimevutwa na maelezo haya kuliko yale ya zamani, kwa kuwa yanamweka choroa, digidigi na kondoo wa kawaida wa bomani katika sentensi moja.

Tembo yuko upande wa pili wa hesabu. Yeye hakujengwa kubana maji, alijengwa kuyafuata. Shida yake ya kwanza ni ukubwa. Sufuria kubwa ya chai hukaa na moto muda mrefu baada ya kikombe kupoa, kwa kuwa chai ni nyingi na uso unaotoa joto ni mdogo ukilinganisha na ujazo. Tembo dume wa tani sita anatengeneza joto katika kila pembe ya mwili, lakini ngozi ya kulitolea ni ndogo, tena haina tezi za jasho isipokuwa karibu na kucha. Ndiyo maana ya masikio yale. Yote mawili, mbele na nyuma, yanafika karibu moja ya tano ya ngozi yake yote, na nyuma yake mishipa minene inaonekana hata kwa macho. Damu ya moto inaingia, inasambaa katika nyama nyembamba, tembo anapepea, damu inarudi imepoa. Binamu yake aliyekufa zamani katika baridi ya kaskazini, mamothi mwenye manyoya, alikuwa na masikio madogo tu. Alihitaji kulibakiza joto lake.

Lakini sikio linafanya kazi vizuri hewa ikiwa baridi kuliko damu. Hewa ikikaribia nyuzi 38 au 40, kupepea peke yake hakutoshi, na hapo maji yanaingia tena. Tembo anajimwagia kwa mkonga kichwani na nyuma ya masikio, anagaagaa topeni. Ngozi yake yenye mikunjo ina kazi hapa. Mwaka 2018 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba ile mitandao ya nyufa ndogo katika ngozi ya tembo wa Afrika inashika maji mara 5 hadi 10 kuliko ngozi laini ambayo ingekuwa na ukubwa uleule. Tembo akitoka kisimani anabeba maji nayo yanakauka taratibu njiani. Jasho ambalo hakupewa na maumbile anajipaka mwenyewe. Hata nywele zake chache zilizotawanyika, ambazo ungedhani ni mabaki yasiyo na kazi, husaidia kutoa joto, kwa kuwa unywele mmojammoja unalichukua joto kutoka kwenye ngozi na kulipeleka kwenye hewa inayopita.

Kwa hiyo ukimzibia tembo njia ya maji, humnyimi kinywaji peke yake. Tembo mkubwa hunywa zaidi ya lita 100 kwa siku, nalo hilo watu wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba bila kuoga na bila tope na kivuli, masikio yale makubwa hayamfai mchana wa kiangazi. Katika ukame wa 2022, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba tembo 205 walikufa, pamoja na punda milia wa Grevy 49, ambao idadi yao duniani tayari ni ndogo mno. Njaa na kiu ndizo zilizotajwa, na ni sahihi. Ila ninaposoma mipango ya uzio na mashamba mapya kati ya mbuga na mito, natamani waandishi wake waandike pia joto. Njia ya tembo ya kwenda mtoni ni sehemu ya mwili wake kama lilivyo sikio.

Wengine nitawapitia kwa haraka. Kiboko hukaa majini mchana kwa kuwa ngozi yake ya juu ni nyembamba na hupoteza maji kwa kasi nje. Ule ute mwekundu unaomtoka si damu, na mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kuwa rangi zake huzuia miale ya jua na vijidudu. Kongoti, yule ndege mwenye upara anayekaa juu ya miti ya Kampala na Nairobi, ana miguu inayoonekana myeupe. Rangi yake halisi ni ya giza. Weupe ni kinyesi chake cha majimaji anachojimwagia miguuni ili kikauke na kumpoza, na watu wamcheke wanavyotaka, ni ubanaji wa maji: anatumia mara ya pili kile ambacho kingetupwa. Mbuni ana mapaja yasiyo na manyoya, hufunua mabawa yake upepo upite. Kuhusu milia ya punda milia, wapo wanaosema inatengeneza vijiupepo vya kupooza ngozi. Siridhiki nao. Majaribio ya Tim Caro na wenzake, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha kwamba farasi waliovishwa nguo zenye milia walituliwa na inzi wachache sana, na ushahidi wa inzi una uzito kuliko wa joto.

Ng'ombe anastahili muda zaidi, kwa sababu makosa yetu juu yake yanatugharimu maziwa. Zebu wa kienyeji, Boran, au ng'ombe wa Mpwapwa aliyezalishwa kule Dodoma, ana tezi za jasho nyingi na kubwa kuliko za ng'ombe wa Ulaya, manyoya mafupi yanayong'aa, ngozi iliyolegea inayoning'inia shingoni, na mwili unaotengeneza joto kidogo. Ankole wa Uganda, Rwanda na Karagwe ana pembe ambazo ndani yake, katika kiini cha mfupa, damu inapita na kupoteza joto. Frisian hana mengi ya haya. Yeye alichaguliwa kizazi baada ya kizazi katika nchi za baridi ili ale sana na atoe maziwa mengi, na kula sana ni kutengeneza joto jingi, kwani chakula kinachochachuka tumboni kinawaka mchana kutwa. Hewa ikivuka nyuzi 25 hivi anaanza kupata taabu. Anapunguza kula, na maziwa yanafuata. Anayemnunua Frisian safi kwa ajili ya Dodoma au Kilifi kwa sababu ameona lita anazotoa Limuru amenunua nusu ya mnyama, na nusu nyingine, yaani ubaridi wa Limuru, haiuzwi.

Hata kuku wetu wana somo. Ndege hawatoki jasho, wanahema tu, na manyoya ya kuku ni mazito. Kishingo, kuku wa shingo wazi anayedharauliwa sokoni kwa sura yake, anabeba jeni inayopunguza manyoya ya mwili kwa asilimia 20, au 40 akiirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Katika joto anakua vizuri kuliko wenzake wenye manyoya kamili. Natamani tungemfuga kwa makusudi badala ya kumwacha apotee katika kuzaana ovyo.

Nimesema choroa anategemea usiku, na si yeye peke yake. Mkakati wa kitaifa wa Kenya kuhusu tabianchi, uliotolewa 2010, ulieleza kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 joto la chini, yaani la usiku, limepanda kwa kati ya nyuzi 0.7 na 2.0, ilhali joto la juu la mchana limepanda kwa kati ya 0.2 na 1.3. Usiku unapata moto kuliko mchana unavyopata. Mnyama anayelimbikiza joto ili aumwage mzigo wake gizani anaikuta nafasi ya kuumwagia inapungua.

Choroa hatuwezi kumsaidia sana katika hilo, zaidi ya kumwachia nyika pana yenye vivuli na vichaka. Ng'ombe wa bandani tunaweza, tena bila gharama kubwa. Banda lenye bati la chini na kuta zilizozibwa hulishika joto usiku kucha. Kuta zikifunguliwa na paa likiinuliwa, ng'ombe anapoa kabla ya alfajiri. Maji yawe mbele yake saa zote, kwani mwenye maziwa mengi hunywa zaidi ya lita 100 siku ya joto. Na chakula kingi kisiwekwe saa nne asubuhi, kikachachuka tumboni jua likiwa utosini. Kiwekwe baada ya jua kuzama na kabla ya jogoo wa pili, ili ng'ombe acheue usiku, na joto la tumbo lake lipate hewa ya kutokea.